Kuunganisha msaidizi wa akili mnemba na sajili za kampuni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wanaochunguza kampuni kama sehemu ya kazi yao: wanunuzi wanaomkagua msambazaji mpya, waandishi wa habari, wanasheria, maofisa mikopo, na wanaprogramu waliopewa jukumu la kuwatengenezea zana. Yanaanza na ya mwanzo kabisa na kuishia na yale yanayojitokeza mtu akishazama kwenye kazi. Kama una haraka, anzia sehemu ya "Kupata kampuni sahihi", kwa sababu makosa mengi na yanayoumiza huzaliwa hapo.

## Mambo ya msingi

Sajili ya kampuni ina nini ndani?

Jina la kampuni, namba ya usajili, tarehe ya kuandikishwa, anwani iliyosajiliwa na majina ya wakurugenzi. Mara nyingi kuna pia wanahisa, hesabu za mwaka, na dhamana zilizowekwa juu ya mali za kampuni. Uingereza, kwa mfano, imekuwa na msajili wa kampuni tangu 1844, na leo kazi hiyo hufanywa na Companies House.

Kuna jambo moja la kushika kabla ya mengine yote. Sajili huhifadhi kile ambacho kampuni ilitangaza, pamoja na tarehe iliyokitangaza. Kwa hiyo sentensi "mkurugenzi ni fulani" ni fupi mno. Iliyo kamili ni "kwa mujibu wa taarifa iliyowasilishwa tarehe fulani, mkurugenzi ni fulani". Msaidizi asipofundishwa kuandika hivyo, atakupa uhakika ambao sajili yenyewe haikuutoa.

Kwa nini nisimuulize msaidizi moja kwa moja? Si tayari anazijua kampuni nyingi?

Anazijua kwa namna mtu anavyokumbuka magazeti aliyoyasoma zamani. Ujuzi wake una tarehe ya mwisho, ilhali sajili hubadilika kila siku ya kazi. Mkurugenzi aliyejiuzulu wiki iliyopita bado yupo ofisini kwenye kumbukumbu ya msaidizi.

Namba ni hatari zaidi. Kwa msaidizi asiye na zana, namba ya usajili ni mfuatano tu wa tarakimu, na anaweza kuandika mfuatano wenye urefu sahihi na sura sahihi ambao ni wa kampuni nyingine, au si wa kampuni yoyote. Ndiyo maana tunamuunganisha na chanzo, badala ya kumwomba akumbuke.

"Kuunganisha" maana yake hasa ni nini?

Ni kumpa zana. Zana ni kazi ndogo yenye jina, maelezo na vigezo vyake: *tafuta_kampuni* hupokea jina, *soma_wakurugenzi* hupokea namba ya usajili. Msaidizi haingii kwenye sajili kwa mkono wake. Huandika ombi la kutumia zana, programu yako hulipeleka kwenye API ya sajili (mlango ambao programu hutumia kuomba data), jibu hurudi kama data, naye hulisoma na kukueleza.

Unaweza kuandika uunganishaji huo wewe mwenyewe kwa kila msaidizi, au ukatumia kiwango cha pamoja. Kinachotumika sana ni Model Context Protocol, yaani MCP, kilichotangazwa na Anthropic, kampuni ya akili mnemba, mwezi Novemba 2024 na kukubaliwa na kampuni nyingine za fani hiyo, OpenAI ikiwamo, mwaka 2025. Faida yake ni kwamba seva moja ya MCP iliyoandikwa kwa ajili ya sajili fulani inaweza kutumiwa na wasaidizi tofauti bila kuandikwa upya.

Nahitaji zana ngapi?

Chache. Kutafuta kwa jina, kusoma wasifu wa kampuni kwa namba, kusoma wakurugenzi na wamiliki, na kuorodhesha nyaraka zilizowasilishwa. Hizo nne zinabeba kazi nyingi. Ukimrundikia msaidizi zana ishirini zinazofanana, ataanza kuchagua isiyofaa.

Tumia muda wako kwenye maelezo ya kila zana. Andika wazi zana inarudisha nini na *hairudishi* nini. Kisha hakikisha kila jibu linarudi na vitu vitatu: namba ya usajili, kiungo cha ukurasa wa sajili, na tarehe na saa data iliposomwa. Bila hivyo hakuna atakayeweza kulihakiki jibu kesho.

## Data inatoka wapi

Ni sajili zipi zilizo rahisi kuunganishwa?

Companies House ya Uingereza ina API isiyolipishwa. Unajisajili, unapata ufunguo (msimbo wa siri unaoitambulisha programu yako), unaanza. Norwei hutoa sajili yake ya Brønnøysund kwa API iliyo wazi. Ufaransa ilifungua data ya Sirene, sajili yake ya biashara, mwaka 2017, ambamo kila kampuni hutambuliwa kwa namba ya SIREN yenye tarakimu 9, na kila kituo chake cha kazi kwa SIRET yenye tarakimu 14. Ndani ya Umoja wa Ulaya, kanuni ya mwaka 2023 kuhusu data zenye thamani kubwa imeziweka taarifa za kampuni katika kundi linalopaswa kutolewa bure na kwa njia inayosomeka na kompyuta, na imeanza kutumika Juni 2024.

Kuna sajili moja ya dunia nzima?

Hakuna. Kuna vitu viwili vinavyokaribia, na havifanani.

OpenCorporates, iliyoanzishwa mwaka 2010, hukusanya taarifa kutoka sajili nyingi za nchi na majimbo na kuziweka katika muundo mmoja. Inafaa sana kwa hatua ya kwanza, pale usipojua hata kampuni iliandikishwa nchi gani. Lakini ni mkusanyaji. Ukishaipata kampuni, rudi kwenye sajili ya asili.

GLEIF, taasisi iliyoundwa mwaka 2014 na yenye makao Basel, Uswisi, inasimamia mfumo wa LEI, kitambulisho cha herufi na tarakimu 20 kinachofuata kiwango cha ISO 17442. Data yake ni bure na API yake haihitaji ufunguo. Uzuri wake ni kwamba, pamoja na kusema kampuni ni ipi, hueleza pia kampuni mama ni ipi pale taarifa hiyo ilipotolewa. Kasoro yake ni kwamba LEI huombwa hasa na kampuni zinazofanya miamala ya fedha. Kampuni ndogo nyingi hazina, na kukosa LEI hakusemi chochote kibaya kuhusu kampuni.

Na Marekani?

Kampuni huandikishwa kwenye majimbo, hakuna sajili ya kitaifa. Delaware, ambako kampuni nyingi kubwa zimeandikishwa, haiwaorodheshi wamiliki hadharani. Kwa kampuni zinazouza hisa kwa umma kuna EDGAR, hifadhi ya taarifa ya SEC, tume inayosimamia masoko ya hisa. Haidai ufunguo, inaomba tu programu yako ijitambulishe na isizidi maombi 10 kwa sekunde. Msaidizi aliyeunganishwa na EDGAR peke yake ataziona kampuni zenye wajibu wa kuwasilisha taarifa huko na hataziona mamilioni ya nyingine. Liandike hilo kwenye maelezo ya zana, la sivyo atakuambia "kampuni haipo".

Sajili ninayoihitaji haina API. Nifanyeje?

Soma masharti ya matumizi kwanza. Zipo zinazokataza programu kukwangua kurasa zao, yaani kuzivuna data kwa wingi, na kulikiuka katazo hilo kunaweza kufunga mlango kwa wote. Njia ninayoipendekeza ni ya polepole lakini safi: mtu anunue au apakue nyaraka mwenyewe, kisha msaidizi apewe faili azisome, azilinganishe na aandike muhtasari unaotaja ukurasa. Msaidizi bado anakuokolea saa nyingi.

Maombi yangu yanakataliwa baada ya muda mfupi. Kwa nini?

Umefika kikomo. Kawaida ya Companies House ni maombi 600 kwa kila dakika 5. Msaidizi anayefuata mtandao wa wakurugenzi, kampuni hadi kampuni, hukifikia upesi kuliko unavyodhani. Hifadhi majibu ya karibuni ili usiulize kitu kilekile mara mbili, na ifanye zana irudishe ujumbe ulio wazi: "kikomo kimefikiwa, jaribu baada ya dakika 5". Zana ikirudisha orodha tupu badala ya ujumbe huo, msaidizi ataisoma kama "hakuna matokeo". (Tazama pia swali la orodha tupu hapa chini.)

## Kupata kampuni sahihi

Jina la kampuni halitoshi?

Halitoshi hata kidogo. Jina hubadilika, hufanana na mengine, hufupishwa, na baada ya kampuni kufutwa linaweza kuchukuliwa na kampuni nyingine. Niliwahi kupokea ripoti safi, yenye mtiririko mzuri, iliyoeleza kwamba msambazaji mmoja alikuwa amefilisiwa. Aliyefilisiwa alikuwa mwingine mwenye jina kama lake, kampuni ya zamani iliyofutwa. Msambazaji wetu alikuwa hai na analipa madeni yake. Msaidizi alichukua tokeo la kwanza kwenye orodha na kusonga mbele, na hakuna mstari hata mmoja wa ripoti uliodokeza kwamba palikuwa na wa pili. Ripoti ile ingeenda kwa mteja, ingekuwa imemchafulia jina mtu asiye na kosa.

Tangu hapo nimeweka kanuni isiyovunjwa: kutafuta kwa jina huleta *wagombea*, kamwe hakuleti jibu. Msaidizi lazima aonyeshe wagombea wote wanaokaribiana, kila mmoja na namba, hali, anwani na tarehe ya kuandikishwa, kisha asubiri mtu achague. Namba ikishachaguliwa, kila ombi linalofuata litumie namba hiyo tu.

Nina namba tayari. Naweza kuiamini?

Inategemea mfumo. LEI ina tarakimu mbili za mwisho za uhakiki, na SIREN ya Ufaransa na namba ya Norwei zina tarakimu ya mwisho ya uhakiki. Ukikosea tarakimu moja, hesabu inakataa, na zana yako inaweza kugundua kosa kabla haijauliza sajili.

Namba ya Companies House haina kinga hiyo. Ukikosea tarakimu moja unaweza kufika kwenye kampuni nyingine halisi, bila onyo lolote. Basi linganisha namba na jina kila mara. Kumbuka pia kwamba namba hizo zina nafasi 8, na nyingine huanza na sifuri au herufi, kama SC kwa Uskoti na NI kwa Ireland ya Kaskazini. Lahajedwali hupenda kuzila sifuri za mbele, kwa hiyo itunze namba kama maandishi, usiitunze kama tarakimu za hesabu.

Wakurugenzi wawili wa kampuni mbili wana jina moja. Ni mtu yuleyule?

Huenda ndiye, huenda siye. Companies House huonyesha hadharani mwezi na mwaka wa kuzaliwa tu, siku haionyeshwi. Jina la kawaida pamoja na mwezi uleule bado si uthibitisho. Mwagize msaidizi aandike "jina na mwezi wa kuzaliwa vinalingana", na asiandike "ni mtu mmoja" mpaka pawe na kiungo kingine, kama anwani ileile ya mawasiliano au waraka unaozitaja kampuni zote mbili.

Majina yaliyoandikwa kwa Kiarabu, Kichina au Kisirili?

Jina moja likigeuzwa kwenda herufi za Kilatini hupata sura nyingi. Tafuta kwa maandishi ya asili kila inapowezekana, na uhifadhi sura zote ulizotumia. Hapa msaidizi anasaidia kweli, kwa kuwa anaweza kupendekeza tahajia ambazo wewe usingezifikiria.

## Kusoma kilichorudi

Hali inasema "active". Ina maana kampuni inafanya biashara?

Hapana. Ina maana haijafutwa. Kampuni inaweza kuwa hai kwenye sajili bila mfanyakazi wala mteja. Angalia tarehe ya hesabu za mwisho, kama zimechelewa, na kama pana tangazo la kusudio la kuifuta. Vivyo hivyo, LEI iliyoandikwa "lapsed" inamaanisha tu kwamba haijahuishwa kwa wakati, kwa maana huhuishwa kila mwaka. Msaidizi akitafsiri neno hilo kuwa "kampuni imekufa", amekosea. Weka maana za maneno ya hali ndani ya maelezo ya zana, ili asibahatishe.

Taarifa za sajili zimehakikiwa?

Kwa muda mrefu, sajili nyingi zimepokea kilichowasilishwa bila kukihoji. Uingereza ilibadilisha hilo kwa sheria ya mwaka 2023 kuhusu uhalifu wa kiuchumi na uwazi wa kampuni: tangu Machi 2024 msajili ana uwezo wa kuhoji na kukataa taarifa, na tangu Novemba 2025 uhakiki wa utambulisho wa wakurugenzi na watu wenye udhibiti wa kampuni umekuwa wa lazima, ukitekelezwa kwa awamu. Hata hivyo, taarifa zilizoingia kabla ya hapo bado zimo. Msaidizi hana njia ya kujua ipi ilipimwa na ipi haikupimwa kwa kuitazama tu.

Naweza kumpata mmiliki manufaa, yaani mtu halisi aliye nyuma ya kampuni?

Wakati mwingine. Uingereza ina rejista ya wenye udhibiti mkubwa tangu Aprili 2016, na kigezo chake kikuu ni kumiliki zaidi ya asilimia 25 ya hisa au kura. Hisa huandikwa kwa madaraja: zaidi ya 25 hadi 50, zaidi ya 50 na chini ya 75, na 75 au zaidi. Kwa hiyo msaidizi akikuandikia "anamiliki asilimia 40" kutokana na rejista hiyo peke yake, amezua. Rejista haina namba hiyo.

Umoja wa Ulaya ulirudi nyuma kwenye uwazi. Tarehe 22 Novemba 2022 mahakama yake ya juu ilibatilisha kifungu kilichowapa watu wote haki ya kuziona rejista za wamiliki manufaa, na nchi kadhaa zikafunga milango. Sasa mwelekeo ni kuwaruhusu wanaoonyesha maslahi halali, kama waandishi wa habari na mashirika yanayopambana na utakatishaji fedha. Marekani nayo, Machi 2025, ilizitoa kampuni zilizoundwa ndani ya nchi katika wajibu wa kutangaza wamiliki kwa FinCEN, idara yake inayopambana na uhalifu wa kifedha. Zana yako lazima itofautishe "hakuna mmiliki aliyetangazwa" na "rejista haiko wazi kwetu".

Zana imerudisha orodha tupu. Nihitimishe kwamba kampuni haipo?

Usihitimishe. Orodha tupu ina sababu nyingi: tahajia, jina la zamani, nchi isiyo sahihi, kikomo cha maombi, kampuni iliyofutwa ambayo haimo kwenye data unayosoma. Jibu lililo sawa ni "sikuipata katika sajili hii, kwa jina hili, leo". Ninalisisitiza hili kwa watu wote ninaowafundisha, maana sentensi "kampuni haipo" ikishaingia kwenye ripoti huwa tuhuma ya ulaghai.

Anaweza kuzisoma hesabu za mwaka?

Zikiwa katika muundo wa iXBRL, ambamo kila tarakimu ina lebo inayosomeka na kompyuta, anaweza kusoma tarakimu vizuri. Zikiwa picha za karatasi zilizochanganuliwa, hakiki kila tarakimu kwa macho. Kampuni ndogo nyingi huruhusiwa kuwasilisha mizania fupi isiyo na mapato wala faida. Ukiuliza mauzo, jibu sahihi ni "hayajachapishwa".

## Usalama na faragha

Data ya sajili inaweza kumdanganya msaidizi kwa makusudi?

Inaweza, kwa kuwa jina la kampuni huandikwa na mwenye kampuni. Mwaka 2016 mtu alisajili Uingereza kampuni ambayo jina lake lilikuwa amri ya kufuta jedwali la hifadhidata, na mwaka 2020 nyingine ililazimika kubadilisha jina kwa sababu lilibeba msimbo wa tovuti ambao ungeweza kutekelezwa na kivinjari. Kwa msaidizi, hatari haihitaji hata msimbo: sentensi ya kawaida ndani ya jina au waraka inaweza kusomeka kama agizo.

Kinga ya kweli iko kwenye ruhusa. Zana za utafiti ziwe za kusoma tu. Msaidizi anayesoma nyaraka za watu asiowajua asiwe na uwezo, katika kikao hichohicho, wa kutuma barua pepe, kulipa au kufuta faili.

Ufunguo wa API niuweke wapi?

Kwenye seva, ndani ya mipangilio ya siri. Usiubandike kwenye mazungumzo na msaidizi, hata mara moja.

Taarifa ziko hadharani. Basi sheria za faragha hazinihusu?

Zinakuhusu. Jina la mkurugenzi ni taarifa binafsi hata likiwa kwenye rejista ya umma, na chini ya GDPR, sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, anayelikusanya na kulihifadhi bado ana wajibu. Kusoma rekodi moja kwa ajili ya mkataba ni tofauti na kujenga hifadhi ya watu elfu kumi na anwani zao. Mwache msaidizi asome kinachohitajika kwa swali lililopo, kisha kifutwe muda ukipita.

Naweza kumwachia aamue nani apewe mkopo au mkataba?

Mwachie akusanye na kupanga. Uamuzi unaomnyima mtu kitu ufanywe na binadamu aliyefungua viungo na kuona rekodi yenyewe.

## Hali zisizo za kawaida

Nataka kujua kampuni ngapi za aina fulani zipo mkoa fulani.

Usitumie zana ya kutafuta; imetengenezwa kupata kampuni moja na hukata matokeo. Pakua data ya jumla. Companies House hutoa faili ya CSV (jedwali la maandishi) kila mwezi, na msaidizi anaweza kuandika msimbo wa kuihesabu. Kumbuka kwamba faili hiyo ina kampuni zilizo hai tu. Ukiitumia kupima ni ngapi zilikufa, utapata jibu lisilo na wafu.

Nataka kuarifiwa mkurugenzi akibadilika.

Hiyo ni kazi ya programu ya kawaida inayolinganisha rekodi ya leo na ya jana, au ya API ya mtiririko, inayotuma mabadiliko yanapotokea, pale sajili inapoitoa. Msaidizi aingie baadaye, kueleza kilichobadilika.

Sajili mbili zinapingana kuhusu kampuni ileile.

Linganisha tarehe kwanza. Mara nyingi mkusanyaji amechelewa nyuma ya sajili ya asili. Tarehe zikiwa karibu na tofauti ikabaki, mwagize msaidizi aziandike zote mbili, kila moja na kiungo chake, bila kuchagua. Nimeona tofauti ya namna hiyo ikiwa ndiyo habari yenyewe: mtu aliyejiuzulu kwenye nchi moja na kubaki mkurugenzi kwenye nyingine.

Kampuni ilifutwa, sasa inaonekana hai tena. Ni hitilafu?

Si lazima. Nchini Uingereza kampuni iliyofutwa inaweza kurejeshwa, kwa kawaida ndani ya miaka 6, na ikirejeshwa sheria huihesabu kana kwamba haikuwahi kufutwa. Ripoti ya mwaka jana iliyosema "imefutwa" ilikuwa sahihi siku ile. Ndiyo sababu ya ile saa ya kusomwa iliyotajwa kwenye swali la idadi ya zana: ihifadhi ndani ya ripoti yenyewe, kando ya kila dai, na usiitegemee tarehe ya faili.